Dawa ya Paka ni ya Paka: Kumpa Mnyama wa Nyumbani Antibiotiki Aliyoandikiwa

Haya ni maelezo ya afisa wa mifugo kwa wakaazi wa Kisauni waliokuja kusikiliza kuhusu afya ya wanyama wa nyumbani. Tumeyachapisha yalivyosemwa, baada ya kuyafupisha kidogo.

  

Leo sikuja kuwahimiza mlete wanyama wachanjwe, ingawa hilo nalo mtalisikia kabla sijakaa. Nimekuja kuzungumza juu ya kinachotokea baada ya mtu kutoka kwa daktari wa mifugo. Umetoka Mtopanga au Mwakirunge, umelipa tuktuk, umelipa daktari, umerudi nyumbani na kibahasha cha vidonge. Kazi ya daktari imekwisha pale mlangoni kwake. Iliyobaki ni yako, tena ni ya siku saba au kumi, asubuhi na jioni, na mgonjwa mwenyewe hataki. Hapo ndipo matibabu mengi yanapoharibika. Paka anakwaruza, mtoto anashikilia, tembe inaangukia chini ya kochi, na siku ya tatu mnyama akianza kula, kibahasha kinawekwa juu ya kabati na kusahaulika.

Kwanza tuelewane dawa yenyewe ni nini. Antibiotiki ni dawa ya kuua bakteria au kuwazuia wasizaane. Paka dume amepigana usiku juu ya mabati, ameumwa shingoni, siku nne baadaye pana jipu lenye usaha: hapo pana bakteria. Mbwa jike amezaa na anatokwa na uchafu wenye harufu: hapo pia pana bakteria. Lakini paka akipiga chafya na kutokwa na machozi, mara nyingi chanzo ni virusi, na antibiotiki haiui virusi. Vivyo hivyo ugonjwa wa parvo unaomaliza watoto wa mbwa kwa kuhara damu. Daktari anaweza kumpa antibiotiki mtoto wa mbwa mwenye parvo ili bakteria wasiingie mwilini kupitia utumbo uliojeruhiwa, lakini kinachompigania sana ni maji anayotiwa mshipani na uangalizi. Kwa hivyo daktari akikuambia mnyama wako hahitaji antibiotiki, usione umenyimwa. Umepunguziwa gharama.

Kabla hujaondoka kwa daktari, hakikisha mnyama amepimwa uzito. Kipimo cha dawa hutoka kwenye kilo zake. Paka wetu wa mtaani wengi wana kilo tatu au nne, na mtu mzima ana kilo sitini au zaidi. Paka wa kilo tatu ni sehemu moja kwa ishirini ya mtu huyo. Ukiwa na mizani ya kusimamia nyumbani, panda ukiwa umempakata, kisha panda peke yako, utoe. Mtoto wa paka hupimwa kwa mizani ya jikoni. Na mpime tena akirudi wiki nyingine, kwa sababu mtoto wa mnyama anakua haraka na mgonjwa anakonda haraka.

Kisha mwambie daktari dawa zote anazotumia huyo mnyama, hata ile ya minyoo uliyonunua duka la dawa za mifugo. Mwambie kama ana mimba au ananyonyesha. Mwambie kama aliwahi kuvimba uso au kutapika sana baada ya sindano. Na mwombe akuonyeshe tembe ya kwanza inavyotiwa, palepale, uone kwa macho yako. Daktari mzuri hatakasirika.

Nitasema na la fedha, maana watu huona haya kulisema. Kama huwezi kununua dawa yote, mwambie daktari kabla hajaandika. Mara nyingi iko nyingine ya bei nafuu inayotibu ugonjwa uleule. Dawa ya bei ndogo iliyomalizwa inamfaa paka kuliko ya bei kubwa iliyonunuliwa nusu. Wengi hukubali karatasi kwa heshima, wakifika dukani wananunua vidonge vya siku tatu kati ya saba, na daktari hajui. Mnyama asipopona, daktari atadhani dawa imeshindwa na atapandisha kwenye dawa kali zaidi, kumbe dawa ya kwanza haikupewa nafasi.

Sasa karatasi. Iwe na jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, kiasi cha kila mara, mara ngapi kwa siku, na siku ngapi. Kama mwandiko hausomeki, muulize yeye, usimuulize muuzaji abahatishe. Na hapa kwetu kuna kosa moja la saa ambalo watu wa lugha nyingine hawalijui. Karatasi ikiandikwa 8 kwa saa ya Kizungu, hiyo ni saa mbili. Nyinyi mkisoma nane, mtoto aliyeachiwa kazi atampa paka saa nane mchana. Kwa hiyo andika upya kwa mkono wako, kwa saa zetu, na ubandike kwenye mlango wa friji au wa kabati.

Mara mbili kwa siku maana yake ni kila baada ya saa kumi na mbili. Chagua saa moja asubuhi na saa moja usiku. Mara tatu ni kila baada ya saa nane: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Sababu ya kutenganisha hivyo ni kwamba dawa hupanda katika damu, kisha hushuka mwili unapoitoa. Ukimpa saa moja asubuhi na nyingine saa sita mchana, halafu kimya mpaka kesho, kuna usiku mzima ambao bakteria hawaguswi. Saa moja ikipungua au ikizidi haidhuru. Mwezi wa Ramadhani baadhi ya watu hufuata daku na futari, na kwa dawa nyingi za mara mbili hilo linakubalika. Muulize tu daktari kwa dawa yako. Ukisahau kabisa, mpe utakapokumbuka, isipokuwa kama wakati wa kipimo kinachofuata umekaribia. Hapo acha kile kilichopita, uendelee na ratiba. Usimpe mara mbili kwa pamoja ili kufidia. Na katika nyumba ya watu wengi, kila anayempa atie alama kwenye karatasi, maana mama amempa na kijana naye akampa, nani atajua?

Tuje kwenye kumpa, ambako ndiko mlikokuja.

Jaribu njia ya chakula kwanza, kama daktari ameruhusu dawa iende na chakula. Mbwa ni mwepisi: kata kipande kidogo cha maini, funika tembe ndani, lakini tangulia na kipande kisicho na dawa, kisha chenye dawa, kisha kingine kisicho na kitu, haraka haraka, asipate muda wa kuchunguza. Paka ni mjanja zaidi. Mfinyangie tembe ndani ya samaki aliyechemshwa bila chumvi na kutolewa miiba, donge dogo kama kunde. Usiichanganye katika bakuli zima la chakula, kwa sababu akila nusu hutajua amepata dawa kiasi gani. Usiisage wala usifungue kapsuli kabla hujauliza. Ziko tembe zilizopakwa nje ili zisiyeyuke mapema, na ziko chungu kiasi kwamba ukizisaga paka hatakigusa chakula hicho tena, hata kisicho na dawa.

Asipokubali, chukua leso. Kina mama, hapa mna kifaa bora kuliko cha hospitali. Leso kuukuu, iliyolainika. Itandaze juu ya meza, mweke paka katikati akitazama upande usiokuwa wako, mfunge upande mmoja ukipita chini ya kidevu, kisha wa pili, miguu yote minne ibaki ndani, kichwa nje, kama mtoto mchanga. Isikaze kifua, apumue. Mtu mmoja amshike hivyo akiwa amemwegemeza tumboni mwake. Wa pili atie dawa.

Mkono wako wa kushoto uje juu ya kichwa, kidole gumba na cha shahada kwenye mifupa ya mashavu, pale nyuma ya masharubu. Inua pua itazame juu. Taya la chini litalegea kidogo. Kwa kidole cha kati cha mkono wa kulia sukuma meno madogo ya mbele ya taya la chini, mdomo ufunguke, na tembe uiangushe nyuma kabisa ya ulimi, katikati. Ukiiweka mbele ataitema, na ukiiweka pembeni ataitafuna. Funga mdomo, teremsha kichwa kikae sawa, msugue koo taratibu. Akilamba pua, ameimeza. Vidole visikae kati ya meno. Yote hayo hayazidi sekunde kumi ukishazoea, na ukiona imefika dakika mbili mnapigana, mwachie, apumzike, mrudie baadaye akitulia. Paka aliyetishwa leo atajificha kesho.

Baada ya tembe, maji. Hili nataka mlishike, hasa kwa dawa inayoitwa doksisaiklini, ambayo huandikwa sana. Tembe au kapsuli ya doksisaiklini ikikwama katika koo la paka huunguza nyama pale ilipokaa. Jeraha likipona linakuwa kovu, kovu linabana njia ya chakula, na wiki kadhaa baadaye unaona paka anarudisha kila anachokula. Umetibu kifua, umeziba koo. Kwa hiyo mpe mililita tano au sita za maji kwa sirinji isiyo na sindano, au kijiko kidogo cha chakula laini, mara tu baada ya tembe. Maji yaingie kwa upande wa mdomo, nyuma ya lile jino refu, kidogo kidogo, kichwa kikiwa sawa. Usimwagie moja kwa moja kooni akiwa ametazama juu, yataingia mapafuni. Na dawa hiyo isipewe pamoja na maziwa. Kalsiamu ya maziwa hushikana na dawa za jamii hiyo na kuzuia zisinyonywe vizuri. Najua paka wa Kisauni amezoea chai ya maziwa ya asubuhi. Asubiri saa mbili.

Dawa ya maji ina mambo yake. Ile ya unga inayochanganywa, mfano ya amoksisilini na klavulaneti, huongezwa maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka kwenye mstari wa chupa, si zaidi. Tikisa kila unapotaka kumpa, la sivyo siku za mwanzo atapata maji matupu na siku za mwisho dawa nzito. Pima kwa sirinji yenye alama. Kijiko cha jikoni si kipimo, kwa maana vijiko vya nyumba moja havilingani, sembuse vya mtaa. Ikishachanganywa huishi siku chache tu, kwa kawaida saba hadi kumi kulingana na maandishi ya chupa, na hukaa ndani ya friji. Kwa joto letu hili la Mombasa, chupa iliyoachwa juu ya dirisha la jua au karibu na jiko inaharibika upesi, na hutaiona kwa macho kuwa imeharibika. Huna friji? Stima hupotea kila siku kwenu? Sema kwa daktari, atakupa tembe badala yake, au atapanga mnyama apigwe sindano. Vidonge navyo vibaki katika pakiti yake, mahali pakavu, mbali na watoto. Visiwekwe kwenye mkebe wa dawa za watu, maana usiku taa zikizimika mkono hauchagui.

Sasa povu. Dawa nyingine, metronidazoli kwa mfano, ambayo wengi wenu mnaijua kwa jina la Flagyl, ni chungu mno. Ikigusa ulimi, paka hutoa povu na mate kama aliyekunywa sabuni, na watu hudhani ametiliwa sumu. Kama alikuwa mzima dakika moja iliyopita na povu limeanza mara tu baada ya tembe, ni uchungu, litaisha kwa dakika chache. Mfute, mpe maji.

Lakini sikilizeni upande wa pili. Kama mnyama alikuwa anadondosha mate kabla hujamshika, taya limelegea, hawezi kumeza, sauti imebadilika, au tabia imegeuka, mpole amekuwa mkali, mkali amekuwa mpole na anajificha, usitie mkono mdomoni mwake. Usitafute mfupa uliomkwama. Kichaa cha mbwa kinaanza hivyo, na paka pia hupata. Kenya bado ina ugonjwa huu. Mpango wa taifa wa kuumaliza ulianza mwaka 2014 na lengo ni 2030. Mtu akishaanza kuonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Mfungie mnyama chumbani au kwenye tenga bila kumshika, ita afisa wa mifugo. Na aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Asipake pilipili, majivu wala mafuta ya taa. Na mnyama achanjwe kila mwaka. Nilisema mtalisikia.

Sasa la dawa za watu. Watu wengi hufikiri kosa ni kipimo tu, kwamba ukikata tembe ya mtu vipande vinne imekuwa ya paka. Nyingine hazikatiki zikawa salama. Panadol, yaani parasetamoli, ni sumu kwa paka. Ini lake halina uwezo wa kuivunja kama la mtu. Tembe moja inaweza kumwua. Utaona fizi zinageuka rangi ya kahawia au samawati, uso na nyayo zinavimba, anahema. Mtu amempa kwa huruma, kwa sababu paka alikuwa na homa. Ikiwa ameshakula, usingoje dalili, mkimbize kwa daktari na uende na pakiti yake. Kwa mbwa, angalieni dawa za maji za binadamu zilizotiwa utamu wa zailitoli badala ya sukari. Utamu huo huangusha sukari ya damu ya mbwa ghafla. Na wenye kufuga sungura, usimpe amoksisilini wala penisilini yoyote kwa mdomo. Huua bakteria wema wa tumboni mwake, wabaya wanajaa, anahara na kufa. Dawa ileile iliyomponya paka wa nyumba hiyohiyo.

Kuna na dawa za kuku. Hapa Kisauni wengi tunafuga kuku, na duka la dawa za mifugo halikosi chupa ya enrofloksasini ya kuku. Fanyeni hesabu nami. Chupa yenye nguvu ya asilimia 10 ina miligramu 100 katika kila mililita. Paka wa kilo tatu hapaswi kuzidi miligramu 15 kwa siku. Kijiko cha chai ni mililita tano, yaani miligramu 500. Umempa zaidi ya mara thelathini. Dawa hiyo ikizidi kwa paka huharibu nyuma ya jicho, na upofu wake unaweza kuwa wa kudumu. Muuzaji hakukudanganya: dawa ni nzuri, ni ya kuku. Na hata kwa kuku na mbuzi, soma siku za kungoja kabla ya kula mayai, nyama au kunywa maziwa, kwa sababu dawa hiyo hutoka na chakula hicho hadi kwenye sahani ya mtoto.

Mtaniuliza, je, akipata nafuu siku ya tatu kwa nini niendelee? Endelea kwa siku alizoandika daktari. Kama unaona zimekuwa nyingi, mpigie, yeye ndiye wa kuzipunguza. Jipu linaweza kukauka nje na ndani bado pana bakteria hai. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini London mwaka 1928, alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya papo hapo kwamba kutumia dawa kidogo kuliko inavyotakiwa kunawafundisha vijidudu kuistahimili. Onyo lake limetimia. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2022 inakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria ambao dawa hazikuwaweza.

Wengine watasema hayo ni ya hospitali kubwa, yanamhusu nini paka wangu? Nairobi watafiti walichukua sampuli katika nyumba 99, wakapima bakteria aina ya E. koli kutoka kwa watu, mifugo na wanyama wengine wanaoishi karibu na nyumba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Waliona kwamba bakteria hao hufuata nyumba: walio chini ya paa moja ndio hugawana zaidi. Kati ya mtu na mnyama kugawana huko kulikuwepo, ingawa kwa uchache. Mimi sisemi paka wako ni hatari kuliko jirani yako. Nasema kwamba bakteria aliyezoea dawa ndani ya paka anakaa nyumba moja na mtoto wako anayetambaa sakafuni. Kwa hivyo osha mikono kwa sabuni kila baada ya kumpa dawa na kila baada ya kuondoa kinyesi. Mzee mmoja ameniuliza hapa kuhusu mate ya mbwa na tohara. Hilo ni la masheikh, siwezi kuwasemea. Upande wangu ni sabuni.

Katika siku hizo za dawa, mwangalie. Kutapika mara moja au kuharisha kidogo ni jambo la kawaida. Mpigie daktari umweleze, usiache dawa kimyakimya. Akivimba uso, akihema, akianza kuyumba, akikataa kula kabisa, simamisha na umrudishe upesi. Akitapika muda mfupi baada ya tembe na ukaiona tembe katika matapishi, uliza kabla ya kurudia. Na ikiwa siku mbili au tatu zimepita bila mabadiliko yoyote, mrudishe pia. Pengine si bakteria, au ni bakteria asiyesikia dawa hiyo, na daktari atataka kuchukua usaha upimwe maabara.

Juu ya nani wa kumtibu: daktari wa mifugo na wasaidizi wake wanasajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, chini ya sheria ya mwaka 2011. Una haki ya kuuliza cheti chake, na anayekasirika kuulizwa amekupa jibu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka huduma za mifugo na udhibiti na ustawi wa wanyama mikononi mwa kaunti, pamoja na leseni za mbwa. Kwa hivyo ukiona mtu anapita mtaani na mkoba, anapiga sindano mbwa kwa mbwa kwa sindano moja, njoo ofisini utuambie. Hatutataja jina lako.

Mama wa pale nyuma ameuliza dawa zilizobaki azipeleke wapi. Kama umefuata siku zote, kwa kawaida hakibaki kitu. Lakini mnyama anaweza kufa katikati ya matibabu, au daktari akabadilisha dawa. Usimgawie jirani, hata kama paka wake ana jipu mahali palepale. Usiitupe chooni wala kwenye mtaro, maji ya mitaro yetu huishia kwenye mkondo wa bahari ambako watu huvua. Usiitie kwenye taka za nyumbani, maana wako watu wanaochambua taka kule Mwakirunge kwa mikono mitupu. Irudishe kwa daktari aliyekupa ikiwa katika pakiti yake. Usipoweza kumfikia, ilete ofisi ya mifugo siku yoyote ya kazi, na huulizwi maswali.